Kijiji cha vifaru visivyokula nyasi

Msomaji, ukipanda garimoshi katika stesheni ya Waterloo jijini London na kuelekea kusini-magharibi, utapita Southampton, Bournemouth na Poole, na baada ya muda wa saa mbili unusu hivi utashuka mahali panapoitwa Wool. Usitarajie mji. Ni stesheni ndogo ya mkoa wa Dorset, mashamba ya kijani kibichi pande zote, ng'ombe walioshiba na nyumba za kale zilizoezekwa kwa nyasi. Ukiwa na miguu ya mwendo utatembea kilomita tatu hivi hadi Bovington. Ukiwa na mizigo, tafuta teksi.

Kabla hujafika utajua kwamba hapa si kama kwingine. Sisi tumezoea mabango yanayomwonya dereva kwamba huenda ndovu au pundamilia wakavuka barabara. Hapa bango lina picha ya kifaru. Si yule wa mbuga ya Nairobi, bali kile cha chuma, chenye mzinga juu na minyororo badala ya miguu. Nalo si la mapambo, maana Bovington ni kambi ya jeshi ambako Waingereza wamekuwa wakiwafunza askari wao kazi ya vifaru tangu mwaka wa 1916.

Hebu tusimame kidogo kwenye jina hilo. Mashine hizi zilipokuwa zikiundwa kwa siri mjini Lincoln mwaka wa 1915, wakubwa hawakutaka ijulikane kwamba ni silaha, basi ikatolewa hadithi kuwa yanayoundwa ni matangi ya maji. Uongo ukageuka jina. Mpaka leo Mwingereza akitaka kutaja mashine hii ya kutisha husema tangi! Mswahili hakudanganyika. Alikumbuka mnyama mwenye ngozi nene, pembe mbele na hasira zisizo na breki, akaiita kifaru. Kwa maoni yangu sisi ndio tuliotoa jina linalofaa.

Kinachowaleta watu Bovington ni jumba la makumbusho ya vifaru. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mashine zilizorudi kutoka Ufaransa zililetwa hapa, nyingi zikakatwakatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Chache zilizokuwa na hali nzuri zilizungushiwa ua na kuachwa pembeni. Mwaka wa 1923 mwandishi Rudyard Kipling alizuru kambi, akaziona, akashauri zitunzwe katika makumbusho. Ndipo zikajengewa banda. Raia walianza kuruhusiwa kuingia mwaka wa 1947, na leo kuna magari ya vita karibu 300 chini ya mapaa yake, akiwemo babu yao wote, Little Willie wa mwaka wa 1915, ambaye hakuwahi kwenda vitani.

Lakini, msomaji, usiwatazame vifaru peke yao. Watazame pia watu wanaovitazama. Familia zenye watoto hupita haraka, hupiga picha na kwenda kula. Halafu yuko mtu mwingine, aghalabu wa umri wa makamo, ambaye husimama mbele ya kifaru kimoja nusu saa nzima. Atainama kuchungulia uvungu. Atapiga picha ya parafujo, ya mpini wa koleo lililofungwa ubavuni, ya doa la kutu chini ya bomba la moshi. Ukidhani ni jasusi umekosea. Nyumbani kwake kuna meza, na juu ya meza hiyo kuna kifaru hiki hiki, kirefu kama kidole, ambacho hakijakamilika.

Hawa ni wachezaji wa vita vya mezani. Hutandaza uwanja wenye upana wa mita moja na robo hivi na urefu wa karibu mita mbili, wakaupamba kwa vilima, mito na vijiji vya kadibodi, kisha wakapigana upya vita vilivyotokea kweli katika historia. Kila upande una vifaru na askari wake wadogo. Mwendo hupimwa kwa futi ya kupimia, na kama kombora limelenga au limekosa huamuliwa kwa dadu. Kanuni hujaza vitabu vizima, kwani zinataka kujua kifaru gani kina deraya ya unene gani, na kama amepigwa usoni au ubavuni.

Vifaru hivyo huuzwa vikiwa vipande vipande vya plastiki katika sanduku, nao ukubwa hutegemea uwiano. Chukua Tiger wa Wajerumani, ambaye mzinga wake ukihesabiwa ana urefu wa karibu mita nane na nusu. Katika uwiano wa 1 kwa 56 atakuwa na sentimita 15. Katika 1 kwa 100 atabaki na sentimita nane na nusu. Wapo wanaocheza kwa 1 kwa 285, na hapo Tiger mzima ni sentimita tatu tu, kama mende.

Kuunganisha ni kazi ya kisu chembamba, msasa na gundi ambayo haishiki tu, bali huyeyusha plastiki kidogo hata vipande viwili vikawa kimoja. Wengi huweka sumaku ndogo chini ya kile kichwa cha juu chenye mzinga, ili kizunguke na pia kiweze kubanduliwa. Yeyote kati yetu aliyewahi kutengeneza gari la waya, akakata magurudumu kutoka kwa ndara kuukuu na kuliwekea usukani mrefu wa kuendeshea akiwa wima, atawaelewa watu hawa mara moja. Gari la waya la jirani halikufanana kamwe na lako. Basi hata hawa, wakishaunganisha kama karatasi ya sandukuni inavyosema, ndipo kazi yenyewe inapoanza, kazi ya kukifanya kifaru kiwe cha mtu fulani, mahali fulani, siku fulani.

Turubai lililokunjwa hutengenezwa kwa karatasi laini ya shashi iliyochovywa katika gundi yenye maji. Waya wa redio hupatikana kwa kupasha moto kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, kikilainika ukakivuta polepole hadi kiwe chembamba kama unywele. Matope ni mchanga uliochanganywa na gundi na rangi. Rangi nyeusi iliyozimuliwa humwagwa ikajipenyeza kwenye mifereji, kisha brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya kingo ili zing'ae. Kwa mikwaruzo, kipande cha sponji hutosha.

Sasa twende kwa mfalme wa jumba hili, Tiger nambari 131. Alitekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi wa Aprili 1943. Kombora la kifaru cha Kiingereza lilimgonga karibu na mzinga, kichwa kikakwama kisiweze kuzunguka, na askari wake wakatoka mbio wakamwacha mzima. Aliletwa Uingereza mwaka huo huo, na baada ya ukarabati wa miaka mingi akanguruma tena. Ana uzito wa zaidi ya tani 50, naye hutolewa nje kwa siku maalumu watu wamwone akitembea. Makovu ya siku ile bado anayo. Mwenye kumtengeneza 131 wa mezani huchukua ncha ya sindano akayachonga makovu hayo mahali pake hasa, kwa kuwa bila hayo ni Tiger mwingine tu.

Na rangi! Hapo ndipo marafiki hugombana. Mwezi wa Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliamuru magari yake yawe na rangi ya manjano iliyofifia badala ya kijivu iliyotumika awali. Vile vya Afrika Kaskazini vilikuwa na rangi zao nyingine za jangwani. Picha za wakati ule karibu zote ni nyeusi na nyeupe. Basi fikiria wazee wawili wenye wajukuu wakibishana kuhusu hudhurungi iliyokauka miaka zaidi ya 80 iliyopita. Mimi nisingecheka sana, maana rangi vitani ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mfano ni Sherman Firefly. Waingereza walichukua Sherman wa Marekani wakampachika mzinga mrefu ambao uliweza kumtoboa Tiger kwa urahisi zaidi kuliko mizinga ya Sherman wengine. Wajerumani wakajifunza upesi kumtafuta huyo mwenye mzinga mrefu na kumpiga kwanza. Wenyewe waliomo ndani wakapaka sehemu ya mbele ya mzinga rangi nyeupe upande wa chini, ili kwa mbali uonekane mfupi. Wengine walifunika deraya kwa vipande vya minyororo, magunia ya mchanga na hata magogo. Vijana hawa walikuwa wakikipamba kifaru chao kwa hofu. Anayepaka mstari huo mweupe leo, juu ya kijiti cha plastiki cha sentimita tatu, hawezi kuupaka bila kujua uliwekwa kwa nini.

Wako watakaouliza kama ni adabu kuchezea vita. Swali ni la haki, hasa kwetu ambao vita hivyo vilichukua vijana wasiojua ugomvi umetoka wapi. H. G. Wells, Mwingereza yule yule aliyebuni mashine za deraya katika hadithi yake ya mwaka wa 1903 kabla hazijaundwa, ndiye pia aliyetunga kitabu cha kanuni za kupigana kwa wanasesere sakafuni, mwaka wa 1913. Alitaka watu wamalize hamu ya vita kwa wanasesere. Mwaka uliofuata Ulaya ikalipuka. Kwa hivyo sitakwambia kwamba mchezo huu huleta amani. Ninachoona ni kwamba anayeutengeneza kwa uaminifu hulazimika kuuliza nani alikuwa ndani.

Nasi pia tumo mezani humo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka wa 1944 katika mvua na malaria. Nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, kifaru wa porini. Na ajabu ni kwamba Divisheni ya 1 ya vifaru ya Waingereza, iliyopigana El Alamein na Tunisia, nayo ilichora kifaru mweupe kwenye mashine zake. Kifaru juu ya kifaru! Katika uwiano mdogo mnyama huyo huwa na milimita mbili hivi, na wapo wanaomchora kwa brashi yenye nywele chache, wakiwa wamebana pumzi.

Kabla hujarudi London, omba gari likupeleke Studland, ufuo ulio mashariki ya Bovington, mwendo wa chini ya saa moja. Ndani ya jumba la makumbusho utakuwa umemwona Sherman aliyezungushiwa ukuta wa turubai ili aelee baharini kama mashua. Studland ndipo vifaru vya namna hiyo vilipojaribiwa. Tarehe 4 Aprili 1944 bahari ilichafuka wakati wa mazoezi, vifaru kadhaa vikazama na askari sita wakafa. Kuna jiwe la kumbukumbu lao hapo juu ya ufuo, karibu na ngome ya saruji. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Juni, katika ufuo wa Omaha nchini Ufaransa, kikosi kimoja cha Wamarekani kilishusha majini vifaru 29 vya turubai. 27 vilizama.

Kifaru hicho ndicho kigumu kupita vyote kukitengeneza. Ukuta wa turubai hufanywa kwa shashi na gundi, mkunjo kwa mkunjo, na huweza kula majuma matatu ya jioni. Kisha mwenye kuandaa pambano la Omaha hana budi kuweka kanuni ya bahari. Kabla ya risasi ya kwanza kila kifaru hurushiwa dadu, na dadu ikikataa, mwenyewe hukiinua kutoka kwenye maji ya rangi ya buluu na kukirudisha sandukuni, hakijafyatua hata kombora moja.