Mwanga mmoja wa Lubunga

Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi picha zangu za usiku kando ya mto hazina watu. Kijana mmoja kambini aliniambia zimekuwa maji matupu. Jibu ninalo, lakini si fupi.

Hapa Kisangani tuko karibu na ikweta, giza halina subira. Saa kumi na mbili na nusu bado unamtambua jirani yako, saa moja unamtambua kwa sauti. Umeme ukikatika, upande wa Makiso unabaki na jenereta chache, taa za wamama wanaouza samaki, na simu za watu wanaorudi nyumbani kwa toleka. Ng'ambo ni Lubunga, giza tupu. Kati ya komini sita za mji wetu, ni hiyo peke yake iliyo upande wa kushoto wa mto, na daraja hakuna. Ni karibu kilomita moja ya maji, na mtumbwi.

Nilianza kupiga picha za mto usiku kwa sababu ni pazuri, sitaki kuwadanganya. Mwanzoni niliharibu nyingi. Niliwasha taa ya simu, na taa ile haifiki hata mita kumi: inamulika wadudu na moshi, mto wenyewe unapotea. Baadaye nikaelewa kwamba usiku unaiacha simu ikusanye mwanga polepole, sekunde tano, hata kumi. Ndani ya muda huo mkono wowote unatetemeka, kwa hiyo ninaiweka juu ya tofali, ninaiegemeza kwa kiatu, na ninaiamuru ihesabu kabla ya kupiga ili kidole changu kisiitikise. Maji yanayokimbia yanatoka laini kama kitambaa. Anayesimama anaonekana, anayetembea anafutika. Taa ya mvuvi inachora mstari.

Sasa niseme kosa langu.

Mwaka 2023, mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, yaliyotokana na ugomvi wa ardhi, yalipowafukuza watu upande ule, familia nyingi zilivuka kuja huku na vitanda, kuku na watoto. Usiku mmoja nilikuwa ukingoni mtumbwi ulipofika. Mtu mmoja akamulika kwa tochi ili wazee washuke vizuri, na mimi nikapiga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nyuso zote zilionekana, machozi pia. Nikaituma katika vikundi vya simu usiku uleule, nikalala nikijisifu.

Baada ya siku mbili mwanamke aliyekuwa mbele kwenye picha akanitafuta. Watu wa kwao walikuwa wamemwona. Wengine walisema amekimbia na mali ya ukoo, wengine kwamba ndiye aliyewaonyesha washambuliaji njia. Alikuwa amevuka na mtoto, sufuria na nguo za mwilini. Aliniuliza swali moja: "Papa, uliniuliza?" Sikuwa nimemuuliza. Nilifuta picha kwenye simu yangu mbele yake, na sote wawili tulijua kwamba hilo halikusaidia kitu, ilikuwa imeshasambaa. Alihama kambi ile. Sijui alikwenda wapi.

Tangu siku hiyo nimezima kile kipengele cha simu kinachoandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kivuko cha usiku sikipigi kwa karibu. Watu wakipita mbele yangu, ninaiacha simu ikusanye mwanga muda mrefu hadi wafutike. Ndiyo hayo maji matupu mnayoyaona.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa nimekaa ukingoni, si mbali na kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, simu juu ya tofali lake. Mama mmoja wa makamo, mhami, akasimama nyuma yangu muda mrefu bila kusema. Kisha:

"Mwanangu, hiyo simu yako inaona mbali?"

"Inaona kuliko macho kidogo, mama. Ikipewa muda."

"Basi inionyeshee kwetu."

Aliinyosha mkono kuelekea giza. Akaniambia nianze pale mitumbwi inapoegesha, nipande na mto, nipite mahali miti inapokatika, hapo. Sikumuuliza ni wa jamii gani. Shemeji yake mzee alikataa kuvuka, akasema hawezi kuacha kaburi la mke wake. Simu yake haipatikani tangu miezi mingi.

Nilipiga. Tukangoja. Picha ikatoka nyeusi, na katika weusi ule nukta moja ya rangi ya chungwa, mahali aliponionyesha kwa kidole. Kwa macho hatukuwa tumeiona, hata yeye.

Akashika mdomo. Mimi nikaogopa, kwa sababu najua jinsi ya kumtia mtu tumaini la uongo. Nikamwambia inaweza kuwa mvuvi. Lakini taa ya mvuvi inatembea. Nikapiga ya pili, na baada ya robo saa ya tatu, tofali bila kusogezwa. Wavuvi walichora mistari yao chini. Ile nukta ilibaki palepale.

"Ni moto wa nchi kavu," nikasema. "Nani ameuwasha, mama, siwezi kukuapia."

"Hata kama si yeye," akasema, "kuna mtu anapika."

Hapo ndipo bwana mmoja wa nguo za kiraia alipotujia na kuuliza nani ameniruhusu kupiga picha mtoni. Mnajua mambo hayo: bandari, kivuko, usiku, usalama. Nilimwonyesha kadi yangu ya kazi. Akataka nifute zote. Nilikuwa tayari kubishana, kwa kuwa nimezoea kubishana, ila mama akanitangulia. Akamwita "mwanangu" vilevile alivyoniita mimi, akachukua simu mkononi mwangu na kumwonyesha ile nukta. Yule bwana akaiangalia, akauliza ni upande gani wa stesheni ya reli. Yule mama akamweleza. Akatulia, akasema tufute mbili, moja ibaki, na tuondoke kabla wenzake hawajafika.

Mama hana simu ya kuonyesha picha. Siku ya kwanza ya juma nilikwenda kwa kijana anayechapa picha za pasipoti. Akaitazama kwenye kompyuta yake, akasema imeharibika, ni nyeusi tu, akaanza kuiongezea mwanga. Nukta ikapotea ndani ya ukungu wa kijivu. Nikamwambia airudishe ilivyokuwa. Akaniuliza mara mbili kama kweli nitalipa franga kwa karatasi nyeusi.

Nimempelekea jioni. Aliigeuza juu chini kwanza, kisha akaipata, akaweka ukucha kando yake, bila kuigusa.