Damu ya Mama, Damu ya Baba

Enyi wazazi wenzetu, mtoto haji duniani na urithi wa upande mmoja. Maumbile yake huandikwa kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala hizo ndizo jeni. Kazi yake ni kuuelekeza mwili namna ya kuunda protini, na kwa protini hizo hupatikana rangi ya macho, kundi la damu na mengineyo.

Tulipozuru Itumbe, katika vilima vya Kisii, tulimkuta mama ambaye mwanawe anaugua selimundu. Mume ni mtu wa pwani, mke ni wa kando ya Ziwa Victoria. Mawifi walimsimanga kwamba ndiye aliyeleta damu mbaya. Tuliiona hiyo kuwa dhuluma, nasi hatukunyamaza.

Himoglobini ni protini ichukuayo oksijeni katika damu. Mmoja wa minyororo yake una asidi amino 146. Herufi moja tu ya jeni ikibadilika, asidi ya 6 hugeuka, na chembe ya damu iliyo mviringo hupinda mfano wa mundu, ikaziba mishipa midogo, mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Hayo humpata aliyeirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Mwenye nakala moja kwa kawaida huishi salama, tena hukingika na malaria kali. Ndiyo sababu Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliikuta mwaka 1949 kwa wingi pwani na kandokando ya ziwa, na kwa uchache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaibainisha sababu hiyo.

Basi mume naye alitoa nusu yake. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua, 2 kati ya 4 ya kuibeba jeni bila kuugua, na 1 kati ya 4 ya kutoirithi kabisa.

Saudia imewalazimu wachumba kupimwa tangu 2004. Nasi twawanasihi: kabla ya kufunga nikahi, vijana wapimwe damu, waamue wakiwa na ujuzi. Na aliyekwisha kujaaliwa mtoto mgonjwa asimlaumu mkewe, wala asikimbilie kwa mganga. Ampeleke hospitali, amkinge na malaria, na amshike mkono mama wa mtoto wake.