Mbaazi na Jua

Siku hizi yapo maneno mawili yanayoweza kumrudisha mtu nyumbani bila ya haja yake: "Mtandao hakuna." Husemwa maofisini, benki, hospitali na madukani. Msemaji huyatamka kwa upole, pengine hata kwa huruma, na msikilizaji huyakubali, kwani nani awezaye kubishana na kitu asichokiona? Huinuka, akashukuru, akaenda kusubiri gari. Nauli yake imekwenda, siku yake imekwenda, wala hapana aliyekosa.

Sisi watu wa visiwani tuna sababu ya kuyaamini maneno hayo. Tangu mwaka 1879, ulipofika Unguja waya wa telegrafu uliolazwa baharini kutoka Aden, habari zetu zimekuwa zikipita chini ya maji. Umeme wetu nao hutoka Bara kwa njia ya bahari. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena, mara hii karibu miezi mitatu. Na tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za intaneti zipitazo katika bahari ya mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, nchi kadhaa zikakwama kwa wakati mmoja, na yetu imo. Kwa hiyo tumezoea kudhani kwamba kila tatizo limetokea mbali, mahali pasipofikika, na kwamba dawa yake ni subira. Subira ni jambo jema, msomaji wangu, lakini yapo matatizo mengi yaliyo umbali wa hatua tatu kutoka kitini petu, nayo hayangojei subira bali jicho.

Mpwa wangu ana kiduka cha steshenari Kizimbani, kando ya njia iendayo kwenye mashamba ya viungo. Ana kompyuta moja, printa isiyotumia waya, na ruta inayogawa intaneti. Mimi, mwalimu mstaafu, hukaa naye asubuhi kusoma na kupiga soga na wapitao. Printa ile ilikuwa na tabia yake. Asubuhi huchapisha vizuri, na ikifika mchana kompyuta huandika kwamba haiioni, nayo imekaa pale pale mezani. Mpwa wangu huzima kila kitu na kuwasha upya. Mara hupona, mara haiponi. Isipopona, hukumu ilikuwa moja: "Mtandao hakuna, njoo kesho."

Alhamisi moja alikuja mzee mmoja mkulima kutoka Dole. Mjukuu wake alikuwa amepata nafasi ya chuo, na fomu ya mkopo wa masomo ilitakiwa ichapishwe, isainiwe na sheha, kisha ipigwe skani na kurudishwa kabla ya Ijumaa jioni. Ile ilikuwa safari yake ya tatu wiki ile. Mpwa wangu alimjibu kwa aibu kama alivyomjibu Jumatatu na Jumanne. Mzee hakukasirika. Alinigeukia akaniuliza, "Maalim, huo mtandao huwa umekwenda wapi?"

Hapana aliyekuwa amewahi kuuliza hivyo mle dukani. Nilimwambia mpwa wangu, "Mama, hebu tumtafutie mzee jibu lake."

Tulianza na lililo karibu. Nilimwomba afungue intaneti kwa simu yake kupitia ruta ile ile. Ikafunguka mara moja, na fomu ya mzee ikaonekana. Basi intaneti ilikuwepo, na bahari haikuwa na kosa. Tukabonyeza kitufe cha printa chenye kutoa ukurasa wa taarifa zake. Ukatoka safi. Basi printa nayo ilikuwa nzima, ina wino na karatasi, na ukurasa ule ulionyesha kwamba imeshikana na ruta bila tatizo. Ndipo tulipoona kitu. Kwenye ukurasa, namba ya printa katika mtandao wa duka ilikuwa 192.168.1.9. Kwenye kompyuta, printa hiyo hiyo ilikuwa imeandikwa 192.168.1.5.

Nilimweleza mpwa wangu kwa mfano wa dakhalia, kwani nimelala dakhalia na nimezisimamia. Ruta ni kama msimamizi anayegawa vitanda. Kila kifaa kiingiacho hupewa namba kwa muda. Umeme ukikatika hata dakika moja, ruta kama ile husahau daftari lake, na ukirudi hugawa vitanda upya kwa atakayewahi. Dukani pale huingia vijana wanaotembeza watalii, nao huja kuchaji simu zao na kutumia waifai. Simu zao huwahi, printa ikachelewa, ikapewa kitanda chengine. Kompyuta haina habari. Huenda kitanda namba tano kumwamsha mtu aliyehama, na isipomkuta husema hayupo.

"Kwa hiyo mjomba, si intaneti?"

"Wala haihusiki. Hata intaneti ingekatika leo kutwa, kompyuta na printa zingeweza kusemezana humu ndani kwa njia ya ruta, na faili lililokwishaingia kwenye kompyuta lingechapika."

Tulibadilisha namba kwenye kompyuta na fomu ikatoka. Mzee aliikunja kwa uangalifu, akaitia ndani ya koti, akaenda kumwahi sheha. Ijumaa asubuhi alirudi nayo ina saini na muhuri, ikapigwa skani na kupelekwa. Baada ya hapo tuliingia kwenye mipangilio ya ruta, tukaiwekea printa namba yake moja ya kudumu asiyoweza kupewa mwengine. Kazi yote hiyo haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Lau mambo yangeishia hapo, ningesema tatizo limekwisha. Lakini baada ya wiki mbili, mvua za masika zikiwa zimeanza, printa ilipotea tena, na mpwa wangu akailaumu mvua. Tulichapisha tena ukurasa wa taarifa. Mara hii namba haikuwa imebadilika. Printa yenyewe ndiyo iliyokuwa haisikii ruta. Huu ulikuwa ugonjwa wa pili wenye dalili za ule wa kwanza.

Fundi aliyefunga ruta aliiweka chini, nyuma ya kabati la chuma la kuwekea karatasi. Mawimbi ya waifai hupenya mbao, hudhoofika kwenye ukuta wa mawe, na kwenye chuma hurudishwa. Kabati likiwa limefungwa, mawimbi yalipata upenyo pembeni. Likifunguliwa, mlango wake ulisimama katikati ya ruta na printa kama ngao. Na siku za mvua watu wengi hujihifadhi dukani, wakatoa kopi, karatasi zikatolewa, mlango ukaachwa wazi. Tuliipandisha ruta juu ukutani. Tuliona pia kwamba inatangaza kwa masafa mawili chini ya jina moja, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na printa ile husikia yale ya kwanza tu. Tukayatenganisha majina, printa ikapewa lake.

Kizimbani ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Hapo ndipo ulipo utafiti wa kilimo wa Zanzibar, na hapo ni miongoni mwa mahali palipopandwa karafuu mwanzo katika kisiwa hiki. Mikarafuu ya Unguja na Pemba iliwahi kukauka kwa wingi, na sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wawili, Nutman na Roberts, walionyesha kwamba maradhi yalikuwa mawili, kila moja na kuvu wake. Moja huanzia mizizini, na mti mzima hufa ghafla. La pili huingia katika jeraha la tawi, kama lile livunjwalo wakati wa kuchuma, likateremka polepole. Atazamaye kwa mbali huona kitu kimoja tu, mkarafuu mkavu. Lakini tiba ya tawi haiwezi kuwa tiba ya mzizi, na kujua hivyo kulitaka watu wainame, wachimbe na wapasue.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jua lina uzuri mmoja kwa mwenye kulisingizia: liko juu sana, halijibu. Mtandao nao umekuwa hivyo. Ndiyo maana napenda mtu akae karibu na lile swali la mzee wa Dole. Umekwenda wapi? Uko kwenye simu? Uko kwenye ruta? Printa inausikia? Kompyuta inagonga mlango wa nani? Kila jibu hupunguza ukubwa wa jambo, mpaka libaki namba moja au mlango wa kabati.

Na pale ambapo kweli waya umekatika baharini, na siku hizo zitakuja tena, tumwambie mtu hivyo hivyo, tena tumwambie tumelijuaje. Mwenye kutoa nauli yake kutoka Dole ana haki ya kurudi na sababu ya kweli, akiwa hana budi kurudi mikono mitupu. Mpwa wangu siku hizi ameweka waya wa USB ndani ya mtoto wa meza. Siku printa ikikataa na mteja ana haraka, huuchomeka kwanza, akampa mtu karatasi yake, ndipo akaanza kutafuta.