Fungu si Hidaya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola aliyegawa riziki kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Lugha yetu ya Kiswahili ina majina mengi ya kile apewacho mtu panapogawanywa kitu. Tuna fungu, sehemu, hisa na mgao. Tuna pia hidaya, zawadi, sadaka na takrima. Mwenye kuyasikia kwa haraka atadhani ni maneno ya maana moja. Sivyo. Katika hidaya, mali ni ya mtoaji mpaka itoke mkononi mwake; akitoa hushukuriwa, na akizuia hana wa kumdai. Katika fungu, mali imekwisha kuwa ya mpokeaji kabla hajaishika. Anayeigawa ni mwenye amana tu, na akiizuia amedhulumu. Tumependa wiki hii tuzungumze na familia zetu juu ya tofauti hiyo, kwa kuwa tumeona haki za mama zetu na dada zetu zikipotea kwa sababu ya neno moja kuwekwa mahali pa jingine.

Tutazame kwanza kipimo ambacho kila nyumba inakijua. Ramadhani inapokaribia kwisha, baba humtolea kila aliye chini yake, mkubwa kwa mdogo, pishi moja ya chakula kwa ajili ya Zakatul-Fitri. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba katika sheria ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Wanaopima kwa mizani leo hukadiria baina ya kilo 2.5 na 3 za mchele. Hatujapata kumsikia Muislamu akisema, "Mwaka huu nitatoa kibaba kimoja, maskini atashukuru." Kila mtu anajua kuwa kipimo hakikuwekwa na mtoaji. Lakini mtu huyo huyo, anayeona haya kumpunguzia maskini kibaba, humpunguzia dada yake shamba zima na moyo wake ukatulia.

Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Qur'ani ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Wazee wetu waliita sarafu ya senti 50 thumuni, neno ambalo maana yake ni sehemu moja ya nane. Wapo wajane walioishika thumuni ya dukani tangu utotoni, wakazeeka bila ya kuambiwa kwamba iko thumuni nyingine, ya mke aliyefiwa na mume mwenye watoto, na kwamba hiyo aliipanga Allah mwenyewe.

Tuliitwa wakati mmoja katika kijiji kimoja cha Kinakomba kugawa mirathi. Marehemu aliacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mali ilikuwa mbuzi, fedha kidogo, miembe na shamba kando ya mto Tana. Yule kijana alitupokea kwa adabu, akasema, "Sheikh, dada zangu nitawapa kitu. Wameolewa, lakini sitawaacha mikono mitupu." Alisema kwa upole, na wazee wakaitikia kuwa ni kijana mwema.

Tukaomba mahindi. Tukahesabu punje 96 juu ya mkeka, mbele ya wote, wanawake wakiwa wamekaa upande wao wakiona. Punje 12 tukazitenga kwa mjane, ndiyo thumuni yake. Punje 16 kwa mama wa marehemu, ndiyo sudusi yake. Zikabaki 68: kijana 34, na kila binti 17. Binti mdogo akauliza kwa sauti ya chini, "Sheikh, hizi kumi na saba ni zangu hata kaka asipopenda?" Tukamjibu, "Madeni ya baba yako yakishalipwa, ni zako. Kaka yako hakupi, anakukabidhi."

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hesabu hiyo inaingia mpaka kwenye ardhi. Hofu yake haikuwa ya uchoyo. Mashamba ya kandokando ya mto ni ya ukoo, na dada ameolewa katika ukoo mwingine; kipande kikitoka leo, kesho mgeni atalima katikati ya kaburi za wazee. Tulimwambia kwamba sheria haikuziba njia. Anaweza kulinunua fungu la dada yake kwa bei ya haki, anaweza kulikodi, wanaweza hata kuvuna embe pamoja na kugawana fedha. Lakini anayenunua amekiri kuwa kitu kina mwenyewe, na anayetoa hidaya amedai kuwa ni chake. Shamba lilituchukua vikao vitatu zaidi. Mwishowe dada mkubwa aliuza fungu lake kwa kaka yake. Mdogo alibakia na miembe yake, na mpaka leo huja kuivuna.

Jambo hili si geni. Sa'd bin Rabi', sahaba wa Kiansari, aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Ndugu yake akaichukua mali yote, na mabinti wawili wa Sa'd wakabaki bila kitu. Mama yao hakukaa akangoja huruma ya shemeji; alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akashitaki. Ikateremka aya ya mirathi, na Mtume akamwamuru yule ami awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake. Basi dada yetu anayeuliza fungu lake asiambiwe hana haya. Anapita njia iliyopitwa na mke wa shahidi.

Na ukiifungua Suratun-Nisaa utaziona aya mbili zilizofuatana. Aya ya 7 inawapa wanaume na wanawake fungu lililofaradhiwa, mali iwe chache au nyingi. Aya ya 8 inahimiza kwamba wakihudhuria jamaa wasiorithi, mayatima na maskini, nao wapewe chochote na waambiwe maneno mema. Fungu na hidaya vyote vimo, kila kimoja na watu wake. Kumtoa binti katika aya ya 7 na kumweka katika aya ya 8 ni kumfanya mgeni katika nyumba ya baba yake.

Hukumu hii inavuka mirathi. Tana ilipofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, watu walihamia miinuko na chakula kikaletwa. Chakula kikishaandikiwa majina ya watu, ni mgao wao, na aliyekabidhiwa daftari ni mwenye amana. Mjane asilazimishwe kumbembeleza kwa kilo za unga zilizoandikwa jina lake.

Wasia wetu ni huu. Msiba ukitokea, tangulizeni gharama za maziko, kisha madeni, na mahari ambayo mke hakulipwa ni deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mafungu. Yatajeni kwa majina yake, mbele ya wenyewe. Dada akitaka kumsamehe kaka yake, ni hiari yake, lakini kwanza alijue fungu lake na awe na uwezo wa kulishika. Aliyenyamaza kwa kuona haya hajasamehe. Mkishindwa kuelewana, mahakama ya Kadhi ipo, nayo imetambuliwa na Katiba ya Kenya ya 2010. Na wafundisheni mabinti hesabu hizi wazazi mkiwa hai, ijapokuwa kwa punje za mahindi.

Allah atujaalie tuwe wenye kufikisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq.