Tafakari ya Juma: Kanzu Yetu na Nikabu ya Jirani



Tangu Aprili 2011, Ufaransa humtoza faini ya hadi euro 150 mtu afunikaye uso hadharani, wakiwemo Waislamu wavaao nikabu. Je, tushangilie? Tukumbuke Meksiko mwaka 1926: sheria ya Rais Calles iliwatoza faini mapadre waliovaa kanzu barabarani. Sisi tuliyaita hayo mateso.

Serikali yaweza kudai kuuona uso mpakani, kwa usalama. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba katika dini mtu asilazimishwe wala asizuiwe, mradi haki za wengine zilindwe. Amlazimishaye mwanamke kujifunika hukosa. Amvuaye kwa faini hukosa pia.

Uhuru tunaoudai kwa kanzu zetu, tusimnyime jirani nikabu yake. Amina.