Marudio na Marejeo: Haki ya Mhojiwa katika Tasnifu

Suala la kutaja vyanzo hufundishwa kwa wanafunzi wa uzamili kana kwamba ni suala la vitabu tu: jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Mtafiti anayechota maarifa vinywani mwa watu huweza kulifuata somo hilo barabara na bado akawa mwizi. Ndivyo ilivyomtokea mwanafunzi mmoja aliyekwenda Katoro, katika Wilaya ya Geita, kukusanya msamiati wa wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Katika msamiati huo, shimo la kuchimbia huitwa duara. Mashine ya kusaga mawe, karasha. Mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, mwalo. Na mchanga uliokwisha kuoshwa, marudio. Maneno yenyewe aliyapata kwa wengi, lakini maana zake alifafanuliwa na mzee mmoja aliyechimba kwa miaka mingi. Ni mzee huyo aliyemweleza kwamba mchanga ule si takataka, kwani dhahabu haijaisha ndani yake. Utarudiwa, na kwa hiyo una mwenyewe. Anayeuzoa bila ruhusa ameiba.

Aliporejea chuoni, mwanafunzi aliandika sura nzima juu ya uhusiano wa majina hayo na umiliki. Wanaisimu aliowasoma aliwataja wote, kila mmoja na ukurasa wake. Maelezo ya mzee yaliingia kama uchambuzi wa mtafiti, na mengine yakatanguliwa na maneno "wachimbaji husema". Msimamizi wake hakuona kasoro. Kasoro ilionekana Katoro, mwanafunzi aliporudi kuwasomea wahojiwa rasimu yake. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, mimi nipo ukurasa wa ngapi?"

Swali hilo lilikuwa na msingi. Machimboni, mifuko ya mawe yaliyotolewa duarani hugawanywa: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji lao. Hakuna anayekubali kuambiwa kwamba mifuko ni ya wote. Ni kweli kwamba vifungu vya mfano vilivyotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 vilitaka chapisho litumialo sanaa za jadi litaje jamii au mahali zilikotoka. Na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo ina sehemu inayolinda sanaa hizo. Lakini jina la jamii huhifadhi mali ya jamii. Fikra ya mtu mmoja humdai mtu huyo, na kauli "wachimbaji husema" humficha aliyesema.

Hata hivyo, baadhi ya wahojiwa walichimba bila leseni, na kuwataja kungeweza kuwadhuru. Kutaja chanzo, basi, si lazima kuwe kuanika jina. Mhojiwa huulizwa mwenyewe. Asiyetaka jina lake liandikwe hutambulishwa kwa namba ya mahojiano na tarehe, ili msomaji ajue kwamba fikra hiyo ina mwenyewe. Mzee aliridhia kutajwa, mwenzake alikataa. Wote wawili waliingia katika tasnifu.

Gharama haikuwa ndogo. Yaliyokuwa ya mzee yalipowekwa chini ya jina lake, uchambuzi wa mwanafunzi ulibaki kurasa chache, na tasnifu ikachelewa muhula mzima. Lakini hapo ndipo kazi yake mwenyewe ilipoanza. Alianza kuuliza ambayo mzee hakuyasema: kwa nini karasha limekopwa kutoka Kiingereza ilhali duara ni neno la zamani lililopewa maana mpya, na kwa nini mwalo ni neno lilelile ambalo wavuvi wa Ziwa Viktoria huliita pwani wanakoshushia samaki. Maswali hayo yalikuwa yake, na aliyajibu kwa jina lake.

Orodha ya marejeo ya tasnifu hiyo ina sehemu ya mahojiano. Msomaji akitilia shaka maana ya marudio, anajua maelezo hayo ni ya nani.