Hongo ya njia mpaka kwenye gofu!

Neno "hongo" siku hizi linanuka rushwa. Lakini zamani, hapa kwetu Unyamwezini, lilikuwa na heshima zake. Msafara wa kutoka pwani kwenda Ujiji ukifika kwa mtemi, unatoa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, halafu unapita salama. Ndiyo hongo hiyo. Ushuru wa njia, basi.

Kasheshe ilianza pale wakubwa wawili walipoitaka njia moja. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliwafungia njia wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wao walitaka pembe zipite kwa masharti yao. Yeye akasema njia inapita kwangu, masharti naweka mimi. Agosti ile wakamfuata na bunduki, na mwandishi wa habari Stanley akiwa kundini. Mirambo akawageuzia kibao, akaja mpaka Tabora yenyewe na kuchoma nyumba. Stanley ikabidi azungukie kusini ndipo afike Ujiji kumwona Livingstone.

Haya yamenijia kichwani kwa sababu ya gofu. Usicheke! Najua hapa kijiweni ukitaja gofu, watu wanafikiri unazungumzia gari la Volkswagen. Lakini nina mpwa wangu anayebeba mikoba ya fimbo za wenye nazo kwenye uwanja mmoja jijini Dar es Salaam. Siku moja kwa wiki wabeba mikoba nao wanaruhusiwa kucheza, na kijana amekuwa moto kweli kweli. Alipokuja likizo msimu wa maembe akaniuliza: "Mjomba, nigeuke mchezaji wa kulipwa, au nibaki kwenye ridhaa?"

Kichwa kimejaa mapesa ya Ulaya na Marekani. Na hapo simlaumu, maana ya huko si mchezo. Juni 2022, karibu na London, lilianza shindano jipya la LIV Golf, mfadhili wake ni mfuko wa uwekezaji wa Serikali ya Saudi Arabia. Zawadi jumla dola milioni 25! Charl Schwartzel wa Afrika Kusini akaondoka na milioni 4 kwa ushindi wake. Aliyeshika mkia naye akapewa dola 120,000. Kwenye mashindano ya kawaida ya kulipwa, ukishindwa kuvuka mchujo wa katikati unarudi nyumbani mikono mitupu, nauli na hoteli juu yako.

PGA Tour, vigogo wa gofu ya kulipwa Marekani, wakawasimamisha wachezaji wao waliokwenda huko. Wachezaji wakakimbilia mahakamani. Oktoba 2023 wenye orodha ya ubora wa dunia nao wakainyima LIV pointi, na bila pointi jina lako linashuka, milango ya yale mashindano makubwa manne inaanza kujifunga. Kwenye bodi ya orodha hiyo wamo wakubwa wa PGA Tour. Kwa haki yao, tuseme ukweli, uamuzi ulipofanyika walikaa pembeni. Na sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito: LIV ilikuwa kama klabu ya walioalikwa, mlango wa kuingilia mwembamba na wa kutokea mwembamba.

Lakini miezi minne kabla ya hapo, tarehe 6 Juni 2023, wakubwa wa PGA Tour na wa ule mfuko wa Saudia walikuwa wamejitokeza kwenye televisheni wamekaa pamoja, wametangaza makubaliano! Wachezaji waliokataa mamilioni kwa ajili ya uaminifu wakayasikia kama mimi na wewe. Rory McIlroy akasema alijiona kama mwanakondoo wa kafara. Jamani, na Mirambo na Waarabu nao si walikuja kupatana? Waliochomewa nyumba wakabaki na majivu yao.

Ndiyo maana nikamwambia mpwa wangu asiwatazame wakubwa wawili wanaogombea hongo. Amtazame mpagazi. Babu zetu Wanyamwezi waliobeba mizigo ya kilo 30 kutoka hapa mpaka pwani hawakuwa watumwa wa msafara. Walikuwa watu wa kulipwa, wenye kazi yao wanayoijua. Mpagazi mjanja alielewana kwanza ujira na posho, ndipo akainua mzigo. Msafara ukikaza mkono, aliuacha akatafuta mwingine.

Sasa sheria za gofu zinasemaje? Tangu Januari 2022 sheria ya ridhaa imelegezwa. Mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kuwa na mdhamini, na anaweza kupokea zawadi isiyozidi dola 1,000, hata taslimu kwenye shindano lisilo na punguzo la mikwaju. Ukishavuka kuwa wa kulipwa, mashindano ya ridhaa umeyaaga, pamoja na timu ya taifa ya ridhaa. Kurudi kupo, ila ni kwa maombi na kusubiri.

Nikamwambia: "Kaa kwenye ridhaa, tafuta mdhamini angali sheria inakuruhusu. Siku ukiwa na nauli na ada za mwaka mzima mfukoni, vuka. Usiinue mzigo posho haijajulikana." Akanuna kidogo. Alitaka nimwambie nenda, mjomba anakubariki.

Ila na wenye viwanja niwaambie. Kugombana nani halali na nani haramu ni anasa ya watu walioshiba. Haki ya gofu mimi naipima kwa jambo dogo: je, kijana anayebeba mkoba, akipiga mikwaju michache kuliko mwenye mkoba, ana mlango wa kupitia? Siku moja kwa wiki ni mlango, sikatai. Lakini ni mwembamba kuliko ule wa LIV, na hakuna bodi ya dunia inayoulalamikia. Upanueni. Ongezeni siku ya pili, wekeni shindano la wabeba mikoba lenye zawadi ya kueleweka, mdhamini apate cha kutazama.

Njia ikiwa wazi, hongo tutalipa. Tukutane wiki ijayo.